Uso Usiofichika: Sharaku na Picha za Waigizaji wa Kabuki

Ndugu wasikilizaji, itazameni vizuri picha hii ukutani. Mwanamume ametoa shingo mbele, mdomo ameubana, mboni za macho zimesogea kwenye pua, na viganja vyake vimechomoza kifuani, vidole vimetanuka. Huyu ni Otani Oniji wa Tatu akicheza Edobei, mtumishi mwovu anayemvamia mwenzake ili ampore fedha. Mchezo wenyewe, wa kabuki, yaani tamthilia ya jadi ya Kijapani, ulioneshwa katika ukumbi wa Kawarazaki-za, mjini Edo, ambao leo ndio Tokyo, mwezi wa tano wa mwaka 1794 kwa kalenda yao. Aliyechora alijiita Toshusai Sharaku.

Nimetaja mwezi na ukumbi kwa makusudi. Sisi tumezoea kuziona picha hizi ndani ya makumbusho, lakini zilizaliwa kuwa bidhaa ya msimu. Mchezo ukiwa ungali jukwaani, picha zilitakiwa ziwe dukani. Mchoraji alichora kwenye karatasi nyembamba; karatasi ikabandikwa kifudifudi juu ya ubao wa mcheri; mchongaji akachonga, akiharibu mchoro ule ule wa mkono. Kila rangi ilitaka ubao wake. Mpigaji chapa hakuwa na mashine: alilaza karatasi juu ya ubao uliopakwa rangi, akaisugua mgongoni kwa nguvu za mkono. Wanaume hao watatu walitegemea mtu wa nne, mchapishaji, aliyetoa mtaji na kubeba hasara.

Mchapishaji wa Sharaku alikuwa Tsutaya Juzaburo. Mwaka 1791 serikali ilimtaifishia nusu ya mali yake kwa kosa la kuchapisha vitabu ilivyoviona havina maadili. Miaka mitatu baadaye mtu huyo huyo anatoa, kwa mkupuo mmoja, picha 28 za msanii asiyejulikana, tena nyuma ya kila uso amepaka unga wa ulanga unaometameta kama fedha iliyokolea giza. Mimi nauheshimu sana ujasiri huo.

Kabla ya Sharaku waigizaji walikuwa wakichorwa kwa miongo mingi. Wachoraji wa ukoo wa Torii walichora mwili wenye nguvu na mavazi, na mnunuzi akamtambua mtu kwa alama ya ukoo iliyo kwenye nguo: akiona miraba mitatu iliyomezana, anajua huyo ni wa akina Ichikawa. Katsukawa Shunsho ndiye aliyeanza, katika miaka ya 1760, kuwapa waigizaji sura zao wenyewe. Sharaku akalichukua jambo hilo akaliendesha hadi mwisho wake.

Hapa ndipo penye uzito. Tangu mwaka 1629 wanawake walikuwa wamekatazwa jukwaani, kwa hiyo wanaume ndio waliocheza nafasi za kike, na baadhi yao walipendwa mno na watazamaji. Wachoraji wengine walipowachora waliwafanya wanawake kamili, laini, warembo. Sharaku hakufanya hivyo. Mtazameni Segawa Tomisaburo wa Pili akicheza mke wa samurai: nywele ni za mwanamke, kimono ni cha mwanamke, lakini taya na pua ni za mwanamume mtu mzima. Watu wawili wanakaa kwenye uso mmoja, na hakuna anayemfukuza mwenzake. Kwangu mimi hicho ndicho kiini cha kabuki, na hakuna aliyekionesha wazi hivyo.

Mashabiki lakini walinunua picha ili wampeleke nyumbani wanayempenda. Mwandishi Ota Nanpo aliandika kwamba Sharaku alitaka mno kuchora ukweli, hata akatoa visivyofaa, na hakudumu. Hakudumu kweli. Mapema mwaka 1795, baada ya miezi kumi hivi na picha zaidi ya 140, jina lake lilitoweka. Wataalamu wengi leo wanaamini alikuwa Saito Jurobei, mwigizaji wa No, aina nyingine ya tamthilia ya jadi ya Kijapani, aliyemtumikia bwana wa jimbo la Awa. Kama ni hivyo, basi aliyewatazama wale wa kabuki kwa jicho kali namna ile alikuwa yeye mwenyewe mtu wa jukwaa.

Soko likampenda Utagawa Toyokuni, aliyewachora waigizaji kwa madaha. Lakini mazoea ya kumtambua mtu kwa uso wake yalikwisha kuota mizizi mjini, na yalikuja kuokoa sanaa yenyewe. Mwaka 1842 serikali ilipiga marufuku picha za waigizaji. Miaka kama mitano hivi baadaye Utagawa Kuniyoshi akachapisha karatasi zinazofanana na ukuta wa ghala uliochorwachorwa na watoto kwa msumari: vichwa vimepinda, mistari inatetemeka, na katikati paka anacheza ngoma. Hamna jukwaa, hamna mavazi ya fahari. Ila pua ni zile zile, taya ni zile zile, na mtu wa Edo aliyesimama dukani aliweza kuwataja waigizaji wake mmoja mmoja.