Springi jirani: nishati baada ya hatua milioni 50

Haya, tuanze na springi. Kuna uzito umefungwa kwenye springi, hamna msuguano, unaenda na kurudi tu, na vipimo tumevichagua ili uzito na ugumu wa springi vyote viwe 1. Nishati haitakiwi kubadilika hata kidogo. Mwendo huu tunaukokotoa kwa kompyuta, hatua moja fupi ya muda baada ya nyingine. Chukua njia ya Euler ya kawaida, ile inayotumia mahali na momenta (uzito mara kasi) za mwanzo wa hatua kupata za mwisho wake, kwa hatua ya 0.1: kila hatua nishati inazidishwa kwa 1.01, ukifika hatua ya 70 imeshakuwa mara mbili. Hiyo tuiache.

Wengi wenu mnatumia Runge-Kutta ya daraja la nne, njia nyingine ya kukokotoa iliyo sahihi zaidi kwa kila hatua, na kwa kazi fupi ni nzuri sana, siipingi. Kwa hatua hiyohiyo inapoteza kama 1.4 kwa kila milioni 100 ya nishati, kwenye grafu huoni kitu, ila shida inapoteza upande uleule kila mara, hairudishi, kwa hiyo baada ya hatua milioni 50 hivi, yaani mizunguko kama laki 8, nusu ya nishati imeshayeyuka na wewe msuguano hukuuandika popote.

Sasa rudi kwa Euler, badilisha kitu kimoja: kokotoa momenta mpya kwanza, halafu hiyo mpya ndo usogezee mahali. Basi, mstari mmoja wa programu. Hii ndo Euler simplektiki. Nishati yake inayumba kama asilimia 5 juu na chini, ni nyingi kweli, lakini hatua milioni 50 baadaye bado iko ndani ya asilimia 5 zilezile.

Kwa nini? Mahali tuite q, momenta p. Kokotoa p² + q² − 0.1pq kila hatua, utakuta haibadiliki, na si kwa kukadiria, ukiacha tu desimali ambazo kompyuta inazikata. Yaani kompyuta inafuata springi nyingine, jirani ya yetu, na hiyo inaifuata sawasawa kabisa. Mimi hapa ndo somo hili lilinishika!

Ukikokotoa mwendo wa sayari kwa njia za aina hii, jirani huyo anapatikana kwa kukaribia tu, lakini muda anaodumu ni mrefu mno, ndo maana watafiti Wisdom na Holman mwaka 1991 waliweza kukokotoa mwendo wa sayari za nje kwa miaka bilioni 1. Ila angalia, ukibadilisha ukubwa wa hatua ovyo katikati, jirani naye anabadilika kila mara na faida yote inapotea. Ukianza na 0.1, ibaki 0.1 mpaka mwisho.