Sheria Inazuia Simu, Haizuii Ushauri

Ndugu zangu, tunajadili wabunge wa Marekani wanaotoka bungeni kwenda kufanyia kazi kampuni walizozitungia sheria. Tabia ya mtu tuiache, tushike tarehe. Billy Tauzin aliingia bunge la jimbo la Louisiana mwaka 1972, akakaa hadi 1980 alipokwenda Bunge la Marekani, Washington. Mwaka 2003 alikuwa mwenyekiti wa Kamati ya Nishati na Biashara, iliyoushughulikia muswada wa kuwapa wazee walio kwenye Medicare, mpango wa serikali wa bima ya afya, bima ya dawa pia. Januari 2005 akawa rais wa PhRMA, chama cha kampuni kubwa za dawa.

Hapo katikati ndipo tukae. Sheria ile ilikuja na kifungu kilichomkataza Waziri wa Afya kuingilia mazungumzo ya bei kati ya watengenezaji dawa, maduka ya dawa na kampuni za bima. Yaani serikali ilibeba sehemu kubwa ya gharama, lakini kwenye bei haikuwa na kauli! Na idara ya wanajeshi wastaafu, ya serikali hiyohiyo, hujadili bei. Kura ilifunguliwa saa 9 usiku, tarehe 22 Novemba 2003. Kura ya dakika 15 iliachwa wazi kwa muda wa karibu saa 3 nzima, hadi ikapita kwa 220 dhidi ya 215. Kifungu kikasimama hadi 2022, Bunge liliporuhusu majadiliano, nayo yakaanza na dawa 10 tu, bei mpya Januari 2026.

Mtaniambia kuna mwaka wa kusubiri. Upo, lakini usomeni. Unamzuia mbunge aliyetoka kuwashawishi wenzake yeye mwenyewe. Kuajiri wa kupiga simu, kupanga nani aonwe kwanza, kueleza mjumbe gani hulegea kwa hoja ipi, yote ruksa. Na kazi ya rais wa chama ni ipi kama si hiyo?

Mtaniambia pia dawa ilimponya Tauzin saratani. Alisema mwenyewe, wala simbishii. Ninachouliza ni mazungumzo ya ajira, mbunge akiwa bado bungeni, yasimamiwe vipi. Tangu 2007 mbunge akianza mazungumzo hayo lazima aiarifu kamati ya maadili ndani ya siku 3 za kazi, ila taarifa hutangazwa pale tu anapojitoa kwenye jambo husika. Asipojitoa, mpiga kura atajuaje?

Kuyataja majimbo yote, muda sina. Florida walipiga kura 2018, wakaweka miaka 6 ya kusubiri. Sawa, ila miaka mingi ya kuzuia simu ni simu tu. Taarifa itangazwe siku inayowasilishwa, na marufuku imguse pia mbunge aliyetoka anayeongoza washawishi bila kupiga simu mwenyewe.