Tamthilia Inafundisha, Tutake Tusitake

Assalaam aleikum jamani, nyie wa nyuma sogeeni mbele, mkeka upo na feni ni moja tu hii.

Nimeitwa niongee habari ya afya na televisheni na najua wengine mmekuja mkidhani nitawaambia mzime TV. Siwaambii. Hapa Lamu usiku ukipita vichochoroni unasikia tamthilia ya Kituruki inaongea Kiswahili nyumba hii, nyumba ya pili ileile, waweza kutoka Langoni mpaka Mkomani usikose hata sentensi moja. Sasa watu wote hawa wakizima wanakwenda kulala na nini kichwani? Maana kujifunza watajifunza tu.

Chukua kifafa. Kwenye filamu mtu akianguka mwenzake anakimbilia kijiko anamtia mdomoni, eti asijing'ate ulimi. Kijiko kile kinavunja meno, kinaweza hata kumkaba. Yatakiwa usimtie kitu chochote mdomoni wala usimshikilie kwa nguvu, ondoa vitu vigumu karibu na kichwa, mlaze ubavu, angalia saa, zikifika dakika 5 bado anatetemeka mkimbize hospitali. Ni kipande kifupi tu, hakimchoshi mtu, lakini mwongozaji mvivu anaona kijiko ndo kinasisimua.

Au moyo kusimama. Mwaka 1996 watafiti Marekani walichapisha hesabu yao baada ya kutazama vipindi vya huko, ER, Chicago Hope na Rescue 911: kwenye TV, kati ya waliokandamizwa kifua, kama thuluthi mbili walionekana kupona wakatoka hospitali. Hospitalini kwenyewe wanaopona ni wachache mno, halafu ndugu wanamgombeza daktari.

Sasa kuna waliofanya makusudi. Miguel Sabido wa Mexico, miaka ya 70, alitunga tamthilia zenye mtu mwema, mtu mbaya, na wa katikati anayeyumba, na huyu anayeyumba ndo mwenye kazi kubwa, kwa sababu mimi na wewe ndo sisi hao. Majirani zetu Tanzania wakaitumia njia hiyo redioni 1993, Twende na Wakati, wakubwa hapa mtamkumbuka Mkwaju dereva wa lori na wanawake wake njia nzima mpaka ukimwi ukampata. Mimi lakini namtazama mkewe, Tunu, aliyevumilia vumilia mpaka akachoka akashika maisha yake. Dodoma hawakuirusha kwanza, ili walinganishe, na kulikosikika uzazi wa mpango ulipanda kuliko Dodoma.

Ila inayonifurahisha zaidi ni Soul City, tamthilia ya TV ya Afrika Kusini. Mfululizo wa 1999 ulionyesha mume anampiga mke, majirani badala ya kunyamaza wakatoka na masufuria wakayagonga nje ya nyumba yake mpaka aone haya. Haikupita muda watu mitaani wakafanya hivohivo kweli! Hakuna aliyewasomea sheria. Walionyeshwa kitu mkono unaweza kukifanya usiku uleule, na sufuria kila nyumba ipo. Hebu fikirieni hapa kwetu, ukuta kwa ukuta, nani atasema hakusikia?

Basi nyie vijana mnaorekodi vichekesho kwa simu, mimi nawaomba mtuchezee habari ya matende na busha. Msiniletee daktari wa koti jeupe aongee dakika tano, watu wataenda kuchemsha chai. Nileteeni mzee anayeficha busha ndani ya kikoi, hataki hata kukaa barazani, na kijana wake mzima wa afya anapewa vidonge vya matende anavitia mfukoni, anasema mimi siumwi. Huyo kijana ndo wa katikati. Minyoo ya matende inaletwa na mbu, inakaa mwilini miaka kabla mguu haujavimba, kwa hivo asiyeumwa pia anameza, asije mbu akaichukua kwake akaipeleka kwa jirani. Na busha la mzee linapasuliwa, si laana, mwonyesheni anatoka hospitali anatembea vizuri watu wacheke naye. Na mwishoni mtaje siku na mahali pa kwenda, manake mtu ameshashawishika halafu hajui aanzie wapi, hapo mmemwacha njiani.

Haya, maswali. Tuanze na kina mama.