Barua ya Kuachishwa Kazi na Yanayofuata

Ndugu zangu wa Changamwe, na ninyi mliovuka feri kutoka Likoni, nimeombwa nizungumzie matumaini ya mtu aliyepoteza kazi. Nitaanza na hesabu, kwani aliyenyimwa haki yake hatulizwi kwa maneno matamu.

Tangu treni ya mizigo ya SGR, ile reli mpya ya kisasa, ianze safari mwaka 2018 na makontena mengi kupandishwa relini pale pale bandarini, madereva wa malori, matanboi wao, makarani wa yadi na kina mama waliowauzia mahamri na mbaazi wamepungukiwa na shughuli. Kisha mwaka 2020 korona ikafunga hoteli za Nyali na Bamburi. Wengi wenu mliondoshwa bila kosa lolote. Hali hiyo inatajwa na kifungu cha 40 cha Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007: mwajiri anayepunguza wafanyakazi hana budi kumjulisha afisa wa kazi, akupe notisi ya mwezi mmoja au mshahara wa mwezi huo, akulipe likizo ulizokuwa hujachukua, na juu ya hayo akupe mshahara wa siku zisizopungua 15 kwa kila mwaka kamili uliomtumikia. Aliyefanya kazi miaka minane, basi, anadai siku 120.

Dai pia cheti cha utumishi, kinachoonyesha ulianza lini, ukamaliza lini na ulikuwa ukifanya kazi gani. Wengi huondoka langoni kwa hasira bila karatasi hiyo, nami hasira yao naielewa, lakini mwajiri mwingine atawauliza miaka hiyo yote walikuwa wapi.

Sasa tuje kwenye kazi mpya. Siungani na wanaosimama mbele ya watu na kusema “jiajirini” kisha wakashuka jukwaani. Mkopo wa serikali wa Hazina ya Hasla, ulioanzishwa Novemba 2022 kwa riba ya asilimia 8 kwa mwaka, huanzia shilingi 500, na mkopo wa mtu binafsi hulipwa ndani ya siku 14. Fedha hizo zitakununulia unga na mafuta ya viazi karai, ila kibanda hazijengi. Wala sipendi kumwona mpishi wa hoteli akimaliza malipo yake yote kwa friji ya vioo na kodi ya duka kabla hajajua kama mtaa ule unanunua chakula cha mchana. Auze kwanza kwa sufuria mbili, barazani kwake, ajue wateja ni kina nani.

Na aliyekuwa akitengeneza friji na viyoyozi vya hoteli bila cheti chochote, huyo ndiye ninayemwonea matumaini zaidi. Mtihani wa ufundi wa NITA, mamlaka ya kitaifa ya mafunzo ya viwandani, wenye gredi tatu kuanzia ya III hadi ya I, hupima kazi ya mikono, na NITA wana kituo hapa hapa Mombasa. Ujuzi alioupata kwa miaka mingi akiwa chini ya msimamizi unaweza kuandikwa kwa jina lake mwenyewe, akaenda nao kwenye hospitali, ghala la samaki au duka la nyama.

Madai ya mkataba wa kazi yana muda wake mahakamani, nao ni miaka 3, kwa hiyo tusichelewe. Walio na barua zao mkononi waanze kuuliza.