Kunenepa huku siyo neema

Haya wapendwa, hamjambo? Shikamooni wakubwa zangu. Leo nipo jikoni, na hiyo fujo mnayoiona nyuma yangu mnisamehe. Nyumba tunapanga watu kadhaa, jiko moja, kila mtu ana rafu yake kwenye friji.

Nimesoma mlivyonisifia kwenye video iliyopita. "Umenawiri!" "Ulaya imekukubali!" Shangazi yangu naye kapiga simu kupongeza mashavu. Nashukuru, ila leo niwaambie ukweli: hapa Uingereza mwili kama huu siyo dalili ya kuwa na pesa. Kila mwaka watoto wanaoanza na wanaomaliza shule ya msingi hupimwa uzito na urefu, na matokeo ni yaleyale: kwenye mitaa maskini, watoto wenye unene wa kupindukia ni zaidi ya mara mbili ya wale wa mitaa ya wenye nazo.

Inakuwaje? Tupige hesabu. Kuanzia Aprili 2025 kima cha chini cha mshahara kilikuwa pauni 12.21 kwa saa. Najua mmeshaanza kuzidisha kwa shilingi, acheni kwanza. Toa kodi ya chumba, toa umeme na gesi, toa nauli ya basi, toa na ile ya kutuma nyumbani, hiyo mnaijua wenyewe. Kodi huwezi kumpunguzia mwenye nyumba. Dereva wa basi hakubali umlipe kesho. Kinachoweza kupunguzwa ni chakula tu, kwa hiyo kila mwezi ukibana, tumbo ndilo linalolipa.

Sasa ingia dukani. Karoti kilo moja haifiki pauni moja, kabichi vilevile. Mtasema mbona rahisi! Subirini. Hiyo kilo ya karoti ina kalori kama 400. Pembeni yake kuna paketi ya biskuti ya gramu 400, bei haipishani sana na karoti, na ina kalori karibu 1,900. Mtu aliyebeba maboksi ghalani usiku kucha, akibakiwa na pauni moja, unadhani atachukua ipi? Shirika la Food Foundation, ambalo hufuatilia mambo haya, lilieleza mwaka 2025 kwamba ukilinganisha kalori kwa kalori, chakula chenye afya ni ghali zaidi ya mara mbili. Familia za kundi la chini kabisa kwa kipato zingelazimika kutumia asilimia 45 ya kinachobaki mkononi ili zile vile serikali inavyoshauri. Karibu nusu, jamani, chakula peke yake.

Halafu kuna kupika. Wengi tunaoishi hivi tuna mita ya kulipia kabla, kama LUKU yenu hapo. Unaenda dukani na kifunguo chako cha mita, unaongeza pauni kumi, unarudi. Sasa chemsha maharage makavu saa nzima na zaidi huku unaangalia tarakimu zinavyoshuka! Mimi siku hizi nanunua ya kopo, yameshaiva, nakaanga kitunguu tu. Mama atanisuta, najua. Lakini wapo wanaobanwa kuliko mimi. Kwenye vituo vya kugawa chakula cha msaada huandaliwa hadi vifurushi vya watu wasioweza kupika kabisa, vyenye vitu vya kumwagia maji ya moto tu.

Na ukitoka shifti usiku, duka lililo wazi ni la kuku na chipsi. Soko limefungwa zamani.

Kuna kadi inaitwa Healthy Start, ya wajawazito na wenye watoto chini ya miaka minne, ya kununulia maziwa, matunda, mboga na mikunde. Kwa miaka kadhaa ilikuwa pauni 4.25 kwa wiki, mtoto wa chini ya mwaka mmoja mara mbili yake. Lakini ni kwa wanaopokea misaada fulani ya serikali, na viza za wengi wetu zimeandikwa wazi kuwa misaada hiyo hatuigusi. Kwa hiyo dada zangu mnaojiandaa kuja, msiiweke kwenye bajeti.

Kinachonishangaza mimi ni jinsi bei zilivyogeuka. Nyumbani mchicha na matembele ni mboga ya siku ambayo mfuko umetoboka. Mayai, maziwa na kuku ni vya mgeni au sikukuu. Huku maziwa lita mbili na kidogo ni kama pauni moja na nusu, kuku mzima unamnunua kwa mshahara wa chini ya saa moja. Tena watu wanamchoka! Lakini fungu la bamia mbichi au samaki wa kueleweka, unafikiria mara mbili. Kwa hiyo ukija na akili ya nyumbani unashangilia kuku kila siku, mboga unaisahau, na miezi sita baadaye shangazi anakupongeza.

Nafuu nimeipata sokoni. Hapa Leicester, na Birmingham pia, wanauza kwa bakuli: nyanya, pilipili hoho, ndizi, bakuli pauni moja au moja na nusu. Ni fungu lilelile la Kariakoo, ila halina nyongeza, usijaribu kuomba. Belgrave Road nako kuna maduka ya Wahindi, wengine familia zao zilifukuzwa Uganda na Idi Amin mwaka 1972, na wapo wazee watakaokujibu kwa Kiswahili ukiulizia mbaazi. Mboga za kugandishwa nazo msizidharau. Hazichachi kwenye friji, na unachukua kiasi unachopika.

Jumapili nitaingia sokoni na pauni kumi, tuone zinafika wapi. Nyinyi niandikieni: fungu la mchicha hapo kwenu leo shilingi ngapi, na yai moja shilingi ngapi? Mtaje na mji.