Kompyuta ya gemu iliyochoka: tunaifufua kwa milioni moja na laki mbili

Sikilizeni kwanza. Sijasema kitu bado, hiyo inayounguruma ni feni.

Assalaam alaykum ndugu zangu. Leo niko Malindi, Unguja, nyumbani kwa dada yangu, na mgonjwa wetu huyu hapa mezani ni kompyuta ya mpwa wangu. Ilinunuliwa 2018, na wakati huo ilikuwa si haba: prosesa (ubongo wa kompyuta) Ryzen 5 1600, kadi ya picha GTX 1050 Ti ya GB 4, ramu (kumbukumbu ya muda) GB 8 kwenye kijiti kimoja, na diski kuu (hard disk) ya TB 1. Siku hizi akiiwasha anakwenda jikoni kujitilia chai, akirudi bado inajizungusha. Gemu za mpira za zamani inazicheza. Mpya zinakwama kila mpira ukikaribia goli, na hapo ndipo mtu anapotaka isikwame.

Bajeti ni milioni moja na laki mbili. Baba yake katoa laki nane, mimi nne, ikizidi hapo dada atatutoa nje sote. Mpwa wangu, ndiye anayeshika kamera, tangu jana kaniganda: "Mjomba, si tununue kadi tu?" Kadi tutanunua, lakini si leo asubuhi. Kompyuta haichakai yote kwa mpigo. Ukifunga mashine mpya kwenye ngalawa inayovuja, umeongeza mwendo wa kuzama tu.

Kwa hiyo kabla hatujagusa hata skrubu, tunapima. Fungua gemu inayokusumbua, cheza dakika kumi, kisha bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Nenda kwenye ukurasa wenye michoro ya mawimbi. Sogeza kamera hapa, mwanangu. Mnaona? Diski ilikuwa asilimia 100 muda wote gemu ilipokuwa inafunguka. Ramu imejaa, imebaki nafasi ya kupitisha ukucha. Kadi 99. Prosesa 65, lakini namba hiyo isikudanganye, kwa sababu ni wastani wa koo zote (cores, yaani vitengo vya kazi ndani ya prosesa). Moja inaweza kuwa inahema peke yake huku nyingine zimekaa barazani. Kwako ukikuta kadi iko 50 na gemu bado inakwama, usinunue kadi. Tatizo liko kwingine.

Sasa zima, chomoa waya ukutani, kisha bonyeza kitufe cha kuwashia mara moja ili umeme uliobaki utoke. Gusa chuma cha kasha kwa mkono mtupu. Kwa unyevu wetu huu umeme wa mwilini si mwingi kama kwenye nchi zenye hewa kavu, lakini kugusa hakugharimu kitu.

Funua ubavu. Haya, njooni karibu, hapa ndipo video za wenzetu wa nje haziwasaidii. Dirisha la chumba hiki linatazama bandarini. Tazameni skrubu hizi: kutu. Tazameni hapa kwenye tundu la USB: kijani kama sarafu iliyookotwa pwani. Hiyo ni kazi ya chumvi. Hewa ya bahari inaingia na unyevu, vumbi linaukamata, linageuka kama uji uliokauka juu ya mapezi ya kipoza joto. Feni inazunguka kwa nguvu zake zote lakini hewa haipiti.

Chukua brashi laini ya rangi, mpya, isiyowahi kushika rangi. Piga vumbi kutoka ndani kwenda nje. Feni izuie kwa kidole isizunguke, maana ikizungushwa na upepo wa puliza inaweza kuzalisha umeme na kuurudisha kwenye mazabodi, ule ubao mkuu unaobeba kila kitu. Ramu itoe, yale meno yake ya dhahabu yasugue taratibu kwa raba ya kufutia penseli, kisha pangusa kwa kitambaa chenye spiriti kidogo. Nimeshapokea kompyuta zilizosemwa "zimekufa", zikaponea kwenye raba ya skuli. Na kama saa yako inarudi nyuma kila ukizima, badilisha betri ile ya duara, CR2032. Hiyo imekwisha, twende.

Hatua inayofuata ndiyo inayonitoa jasho: kusasisha BIOS, ile programu ya kwanza inayoiamsha kompyuta. Mazabodi hii ni B350, ya zama za Ryzen za kwanza, 2017. Uzuri wake ni kwamba soketi yake ya AM4, yaani kiti cha prosesa, ilidumu miaka mingi, kwa hiyo mazabodi nyingi kama hii zinapokea hata Ryzen 5 5600, ilimradi BIOS iwe mpya. Ingia tovuti ya mtengenezaji, tafuta jina kamili la mazabodi yako, hakikisha prosesa unayoitaka imeorodheshwa. Pakua faili, liweke kwenye fleshi yenye muundo wa FAT32. Fanya kazi hii prosesa ya zamani ikiwa bado imefungwa, kwa sababu ukitangulia kuweka mpya, skrini itabaki nyeusi.

Na iwe kwenye UPS, lile boksi la betri linaloshikilia umeme ukikatika, tafadhali. Mimi niliwahi kuifanya ya rafiki yangu bila UPS, saa nne usiku, nikijiambia ni dakika tatu tu. Dakika ya pili umeme ukakatika. Mazabodi haikuamka tena, na nililipa mimi. UPS ndogo haikupi muda wa kucheza gizani, inakupa muda wa kumaliza ulichoanza na kuzima kwa adabu. Inatosha.

Mbona tunabadilisha prosesa na imeonyesha 65 tu? Sababu mbili. Kadi mpya itaipa kazi kubwa zaidi, hapo itaanza kuhema. Ya pili, Windows 10 iliachwa kuhudumiwa tarehe 14 Oktoba 2025, na Ryzen 5 1600 haimo kwenye orodha ya prosesa zinazokubaliwa na Windows 11. Ryzen 5 5600 imo. Dukani mtaonyeshwa pia 5500, ya bei nafuu; ina kashe (kumbukumbu ndogo ya haraka ndani ya prosesa) MB 16 badala ya 32, na gemu zinapenda kashe. Tofauti ya bei ikiwa ndogo, chukua 5600.

Kutoa kipoza joto, tazameni mkono wangu. Kwanza niliiwasha kompyuta nusu saa, pesti (ule uji wa kupitisha joto kati ya prosesa na kipoza) ipate joto na kulainika. Nalegeza skrubu kwa msalaba, kidogo kidogo. Sasa sivuti juu! Nazungusha kushoto, kulia, kushoto… kama unafungua mfuniko wa chupa ya achari. Kimeachia. Ukivuta kwa hasira, prosesa inang'oka pamoja na kipoza, na pini zake ziko chini yake, nyembamba kama nywele. Zikipinda utazinyoosha kwa wembe ukiwa umeshika pumzi. Inua kijiwiko, weka mpya, pembe yenye pembetatu ilingane na pembetatu ya soketi. Inaingia yenyewe, usiisukume. Pesti kiasi cha punje ya mbaazi. Kipoza tunarudisha kilekile, maana prosesa zote mbili ni za wati 65.

Ramu: tumeongeza kijiti kingine cha GB 8, mwendo uleule. Viingie tundu la pili na la nne ukihesabu kutoka kwenye prosesa, ili viwili vifanye kazi kama jozi. Watu wengi wanavibananisha pamoja halafu wanalalamika.

SSD yetu, yaani diski ya kisasa isiyozunguka, ni ya GB 500, inalala hapa kwenye tundu la M.2 la mazabodi. Kama mazabodi yako haina tundu hilo, SSD ya SATA, inayounganishwa kwa waya, inatosha. Ina mwendo wa takriban MB 550 kwa sekunde, na kwenye gemu hutaona tofauti ya kukufanya ukope. Windows tutaisakinisha upya humo. Diski kuu ya zamani ibaki na picha za harusi.

Pawa saplai, kisanduku kinachogawa umeme ndani ya kasha. Ile ya zamani ni nyepesi kama kasha la biskuti, nami siiamini. Hii mpya ni ya wati 550, yenye alama ya 80 Plus Bronze, yaani haipotezi umeme ovyo. Kadi tuliyochagua ni RX 6600 ya GB 8, inakula takriban wati 132: tundu la mazabodi linatoa 75, zinazobaki zinapita kwenye plagi ya pini nane. Waya za pawa saplai ya zamani usizichanganye na mpya hata kama plagi zinaingia. Ndani zimepangwa tofauti, na unaweza kuunguza diski.

Kadi yenyewe ni ya mtumba kutoka Dar, imekuja na boti ndani ya taulo. Ukinunua ya mtumba, ipimwe mbele yako dakika kumi na tano gemu ikichezwa. Angalia kama kuna madoa ya rangi kwenye picha, sikiliza feni. Muuzaji akisema hana pa kuipimia, muage kwa heshima. Ile 1050 Ti usiitupe. Nyingi hazihitaji plagi ya umeme, kwa hiyo wenye kompyuta za ofisi wanaitafuta. Yetu imeshapata mteja Michenzani.

Tunawasha… Bismillah.

Imewaka. Ingia BIOS, washa ile profaili ya ramu (mpangilio wa mwendo wake), la sivyo itatembea kwa mwendo mdogo kuliko uliolipia. Sakinisha Windows, kisha draiva za kadi, yaani programu zinazoiendesha.

Saa moja baadaye, ndugu zangu. Kutoka kitufe hadi skrini kamili, sekunde kumi na nane. Mpira umefika golini, haukukwama, mpwa wangu akapaisha mwenyewe. Kasha tumelihamishia ukuta wa pili, mbali na dirisha, na zimebaki shilingi elfu thelathini ambazo dada keshazichukua.