Kihisi cha Mtoni: Tuanzie Kwenye Betri

MWALIMU: Karibu, msikilizaji, katika kipindi chetu kutoka Kisumu. Leo tunazungumzia kuunda kifaa kinachopima kina cha maji ya mto na kutuma vipimo bila waya. Fundi, mtu anayetaka kukifunga darajani Ahero, juu ya Mto Nyando, aanze na nini?

FUNDI: Aanze na betri, Mwalimu. Wengi hukimbilia kuchagua kihisi, ilhali darajani hakuna soketi, na kila uamuzi utakaofuata, kuanzia aina ya redio hadi idadi ya vipimo kwa siku, utategemea umeme uliomo kwenye betri hiyo. Tazama bodi ya majaribio yenye chipu ya ESP32, yaani kompyuta ndogo iliyo na Wi-Fi ndani yake. Chipu yenyewe ikiwa katika usingizi mzito hutumia takriban maikroampea 10, lakini bodi nzima inaweza kuvuta miliampea kadhaa, na miliampea moja ni maikroampea 1,000, kwa kuwa kidhibiti cha volti, chipu ya USB na ile taa nyekundu ambayo sote huifurahia haviendi kulala pamoja nayo.

MWALIMU: Je, miliampea hizo chache zina uzito wowote?

FUNDI: Zina uzito mkubwa. Betri ya lithiamu ya miliampea-saa 2,500, ikivutwa miliampea 10 mfululizo, huisha kwa saa 250, yaani siku 10 na ushei. Ukishusha wastani hadi miliampea 0.1, hesabu inakupa saa 25,000, karibu miaka mitatu, ingawa betri hujipotezea chaji yenyewe, na kwa hiyo mimi simwahidi mtu miaka hiyo yote. Ndiyo maana ninasema mita ya kupimia mkondo wa umeme inunuliwe kabla ya kihisi.

MWALIMU: Hapo nitakupinga kidogo. Mwanafunzi asipoona namba ya kwanza kwenye kioo cha kompyuta mapema, hukata tamaa. Mwache acheze na kihisi kwenye ndoo ya maji, kisha umfundishe mkondo.

FUNDI: Ndoo nimeikubali, mradi mita iwe kando yake.

MWALIMU: Na redio je?

FUNDI: Wi-Fi ya ESP32 inaweza kuvuta zaidi ya miliampea 200 inapotuma, tena haifiki mbali. LoRa, aina ya redio ya masafa marefu inayotumia umeme kidogo, hutuma baiti chache tu, lakini hufika kilomita kadhaa kwa nguvu ya miliwati 25. Katika masafa ya megahezi 868, antena ya robo ya wimbi, yaani yenye urefu wa robo ya wimbi la redio, ni waya wa takriban sentimita 8.6. Asiwashe redio kabla ya kuifunga antena, kwa sababu nguvu isiyopata pa kutokea hurudi ndani na inaweza kuiunguza redio.

MWALIMU: Kihisi cha mawimbi ya sauti, kile kinachopima umbali hadi kwenye maji kwa muda wa mwangwi kurudi, kinaaminika katika joto letu?

FUNDI: Kinaaminika kikisahihishwa. Sauti husafiri takriban mita 343 kwa sekunde hewa ikiwa na nyuzi 20, na mita 349 ikifika nyuzi 30, hivyo katika umbali wa mita tatu unaweza kukosea kwa sentimita tano hivi. Kipimajoto kidogo huondoa kosa hilo. Linalonisumbua zaidi ni takataka zinazoelea, au gugumaji ukikifunga ufuoni Dunga, kando ya Ziwa Victoria, kwa sababu sauti hugonga majani na kurudi kabla ya kuyafikia maji. Kuchukua vipimo vitano na kutumia cha katikati kwa ukubwa husaidia kitu kikipita, lakini hakusaidii gugumaji likituama. Hapo ni afadhali kihisi cha shinikizo kilichozamishwa, ambacho nacho kitahitaji kusafishwa matope, maana Nyando hubeba udongo mwingi.

MWALIMU: Basi lini achore bodi yake mwenyewe ya saketi?

FUNDI: Baada ya kifaa cha majaribio kukaa nje katika mvua na jua huku kikituma bila kukatika. Atakapoichora, aweke transista, yaani swichi ya kielektroniki, ya kukata umeme wa kihisi kati ya vipimo, pamoja na pini mbili za kuunganishia mita, ili aweze kupima mkondo wa usingizi bila kukata waya wowote.